Kutia waini kwenye tangi la maji ya waipa: ni utani tu, au kuna anayefanya?

BiMagurudumu:

Wakuu, habari za safari.

Sisi wenye magari-nyumba tuna utani wetu usiochuja, hasa msimu wa baridi. Mtu akilalamika kwamba maji ya waipa yameganda, anaambiwa atie waini. Akifungua gereji ya nyuma, yaani sehemu ya mizigo iliyo ndani ya gari, kutoa waya wa umeme, wenzake wanamhesabia makasha ya waini na kumwuliza kama yote hayo ni ya kuoshea kioo. Na mwenye galoni mbili za maji ya waipa anaulizwa atakula na nini. Nacheka nao kwa moyo wote, maana jioni ya baridi bila wenzako ni ndefu.

Safari hii tulikuwa tunashuka mlima nyuma ya lori. Barabara imemwagiwa chumvi, na magurudumu ya lori yanaturushia tope la kijivu kwenye kioo. Mume wangu akavuta swichi, pampu tukaisikia ikilia, hakikutoka kitu. Waipa zikapita mara moja tu, kioo chote kikawa kama kimepakwa chokaa. Tukajisogeza hadi sehemu ya kuegesha, yeye ameinama anachungulia kwenye kijinafasi kilichobaki chini. Mwenzetu tuliyekuwa tunafuatana naye akaja na waini nyeupe iliyobaki nusu chupa. "Tieni hii, ina pombe, haigandi." Nadhani alikuwa anatania, lakini mume wangu alikuwa ameshafungua boneti. Nikaweka kiganja juu ya mfuniko wa tangi.

Basi yule mwenzetu akarudi garini kwake, akaleta chupa nyingine. Ni chupa ya waini, ya kioo kisicho na rangi, imezibwa kwa kizibo chake, na ndani mna kitu cha rangi ya waridi. Kumbe ni maji ya waipa ya msimu wa baridi. Anasema galoni ya lita 5 ni nzito na inamwagikia mikono, kwa hiyo huyahamishia kwenye chupa yenye shingo nyembamba. Kundini wanaiita "rozé ya kioo", kwa jina la waini ya rangi ya waridi. Inakaa kwenye kasha moja na waini zake, imesimama katikati ya nyingine.

Tuna mjukuu wa miaka minne anayesafiri nasi, na anacheza na wajukuu wa huyo mwenzetu. Tangu siku hiyo utani umenitoka mdomoni. Naomba mnieleze mambo mawili. Waini kwenye tangi ingeleta madhara gani hasa? Na hiyo chupa ya waridi, je, nina haki ya kwenda kumwambia aimwage, au nitaonekana mharibu starehe za watu?

FundiMzee:

Dada, kiganja chako kilikaa mahali pake. Mimi nimefungua matangi mengi ya waipa kuliko ninavyoweza kukumbuka, na suala la chupa ya waridi nitawaachia wanaojua sumu kuliko mimi. Nitasema la waini.

Kwanza ile "haigandi". Inaganda. Waini ya kawaida ina pombe asilimia 12 au 13, na hiyo huanza kuganda karibu nyuzi 5 au 6 chini ya sifuri. Mlimani usiku hiyo ni baridi ya kawaida tu. Na kumbuka kioo cha gari linalokimbia kinapigwa na upepo, matone ni madogo na yametandazwa. Pombe inaruka upesi, na katika kuruka inachukua joto la kioo. Kinachobaki ni maji yenye pombe kidogo kuliko mwanzo, juu ya kioo kilichopoa zaidi. Hapo ndipo unaona utando wa barafu unaota mbele ya macho yako huku waipa inapita. Hata maji halisi ya waipa yanaweza kukufanyia hivyo ukiyarusha kwenye kioo ambacho hakijapashwa joto. Ndiyo maana nawaambia watu: washa hewa ya moto ielekee kwenye kioo kwanza, subiri kipate uvuguvugu, ndipo urushe.

Pili, waini siyo maji na pombe tu. Ina asidi, ina sukari hata ile inayoitwa kavu, ina chembechembe za zabibu. Ikikauka kwenye kioo inaacha utando unaonata. Mchana hutauona. Usiku taa za gari linalokuja zikipiga pale, mwanga unasambaa kioo kizima na huoni ukingo wa barabara. Nyekundu ndiyo mbaya kupindukia, maana inateremka kwenye bodi nyeupe na kuingia kwenye mipira ya kuzunguka kioo. Ukaisugue mpaka uchoke.

Kisha tangi. Waini ikikaa mle na hewa inaanza kuchacha kuwa siki, na unaota ule ute mzito. Ukifungua mfuniko unauona, umekaa chini kama ngozi laini, ukiuvuta kwa waya unakuja mzima. Ute huo ukivutwa na pampu unakwenda kuziba kichujio, na ukivuka hapo unaziba nozeli, ile inayorusha maji kwenye kioo, ambayo tundu lake ni dogo kiasi kwamba sindano nyembamba ndiyo inayopita. Kwenye magari-nyumba ya daraja A, yale yenye uso bapa na kioo kipana sana, kufikia tangi na mipira yake ni kazi ya kulala chali, maana sehemu ya mbele ina kidirisha kidogo tu cha huduma. Kazi ya namna hiyo sipendi kumfanyia mtu kwa sababu ya nusu chupa.

Na nyigu, dada. Sukari kwenye kioo majira ya joto, umeegesha, madirisha wazi, mnakula. Sihitaji kumalizia.

Kuhusu pampu kulia na maji kutotoka, naomba unijibu swali: tangi mlikuwa mmejaza maji ya baridi kabla ya kupanda mlima, au mliongezea juu ya maji ya kiangazi?

BabaMapacha:

Fundi umemaliza. Mimi naongeza kicheko kimoja chenye ukweli. Utani wa waini na dawa ya kuzuia kuganda haukuanzia kwetu. Mwaka 1985 Austria ilikutwa na kashfa ya waini iliyotiwa antifrizi, dunia nzima ikapiga kelele. Kwa hiyo ukimwambia Mzungu mzee "tia waini kwenye rejeta", anacheka kwa sababu anaikumbuka. Dada asihofu sana, watu waliinywa hiyo na wakaishi.

Mkemia_Njiani:

BabaMapacha, hapo kwenye "asihofu sana" naomba nikuzuie, kwa heshima. Habari hiyo ninaifahamu, na inafundisha kinyume.

Kilichotiwa kwenye waini za Austria kinaitwa diethilini glikoli. Magazeti yaliandika "antifrizi" na jina likaganda, ingawa kinachotiwa kwenye rejeta nyingi ni ethilini glikoli, ndugu yake. Wazalishaji kadhaa walikuwa wanaiongeza ili waini nyepesi ionje tamu na nzito, ipite kama waini ya daraja la juu. Wateja wakubwa walikuwa Ujerumani Magharibi, na ni maabara za huko zilizoigundua. Mamilioni ya lita yaliharibiwa, watu walifungwa, na Austria ikatunga sheria kali mpya ya waini mwaka uleule. Ni kweli hakuna kifo kilichothibitishwa kutokana nayo. Lakini mwaka uliofuata, 1986, Italia ilikuwa na yake: waini iliyoongezwa methanoli, aina ya pombe yenye sumu, ili kupandisha kiwango cha pombe. Hiyo iliua watu takriban 20, na wengine walipoteza macho.

Methanoli hiyohiyo ndiyo inayonileta kwenye chupa ya waridi.

Maji ya waipa ya msimu wa baridi yanahitaji kitu kinachoshusha kiwango cha kuganda. Mara nyingi ni ethanoli, yaani pombe ileile ya waini lakini iliyoharibiwa makusudi isinyweke, au isopropanoli. Mengine yanaongezwa ethilini glikoli. Na kuna methanoli, ambayo ni rahisi kutengeneza na haigandi mpaka nyuzi 98 chini ya sifuri ikiwa safi. Katika Umoja wa Ulaya, tangu tarehe 9 Mei 2019 hairuhusiwi kuwauzia watu wa kawaida maji ya waipa yenye methanoli ya asilimia 0.6 au zaidi kwa uzito. Pendekezo lilitoka Polandi, na sababu ilikuwa ya kusikitisha: kulikuwa na watu wanaoyanywa kama pombe ya bei ya chini, na walikuwa wanakufa. Marekani maji ya waipa yenye methanoli bado ni ya kawaida. Kwa hiyo mtu anayesafiri nchi nyingi, akinunua galoni hapa na pale, hawezi kukwambia kwa kuangalia rangi kilichomo ndani. Rangi haina maana yoyote. Bluu, kijani, waridi, ni uamuzi wa mtengenezaji tu. Kinachosema ukweli ni lebo, na huyo jamaa ameiacha lebo kwenye galoni.

Dada, uliza tena swali lako la pili moyoni mwako na utajijibu. Chupa ya waini, kizibo cha waini, rangi ya rozé, ndani ya kasha la waini, ndani ya gari linalokaliwa na watoto. Si mtoto peke yake wa kuhofia. Watu wazima wawili wamekaa gizani, taa ndogo ya mezani, mmoja anasema "nenda kalete nyingine nyuma". Anapapasa, anarudi na chupa, anamimina.

Methanoli haina ishara ya mapema ya kumshtua mtu. Anajisikia amelewa kidogo, analala. Mwili unaibadilisha polepole kuwa asidi ya fomiki, na hiyo ndiyo inayoshambulia mshipa wa fahamu wa jicho. Dalili kali zinaweza kuchelewa saa 12 hadi 24. Ethilini glikoli nayo ni tamu mdomoni, mtu au mbwa hatasita kuinywa, na mwilini inaishia kuwa fuwele zinazoziba figo. Watengenezaji wengi wanatia denatoniamu, kitu kichungu kuliko vyote vinavyojulikana, kilichogunduliwa Uskoti mwaka 1958. Inasaidia sana. Ila si kila galoni inayo, na uchungu mtu anauhisi akiwa tayari ameshameza funda la kwanza.

Ikitokea, Mungu apishe mbali, usingoje dalili na usimtapishe mtu. Piga simu ya dharura, nenda hospitali, na beba galoni yenye lebo. Zipo dawa zinazozuia mwili usiibadilishe sumu hiyo, na zinafanya kazi vizuri zikitolewa mapema.

Una haki kabisa ya kwenda kumwambia. Nenda leo.

BabaMapacha:

Mkemia, nimekuelewa. Ya Italia sikuwa nayo. Na hiyo picha ya mtu anapapasa gizani imenikaa, maana gereji yangu ndivyo ilivyo, galoni na makasha ubavu kwa ubavu.

SalmaWaKempa:

Jamani, mimi nachangia upande wa waini yenyewe, kwa sababu wengi tunaipenda na tunaiharibu.

Gereji ya nyuma ni mahali pabaya pa kuiweka, ukiacha hata hiyo hatari ya kuchanganya. Magari mengi gereji hiyo haipashwi joto vizuri. Maji yakiganda yanatanuka karibu asilimia 9, na waini ni maji zaidi ya chochote, kwa hiyo chupa iliyojaa inasukuma kizibo juu au inapasuka. Utaikuta asubuhi kizibo kimechungulia nje, na hata ikiyeyuka hewa imeshaingia. Kiangazi nako ni tanuri mle ndani, waini inaiva.

Halafu uzito. Chupa ya mililita 750 ikiwa imejaa ni kilo moja na robo hivi, nyingine zaidi kama kioo ni kinene. Kasha la chupa 12 linakaribia kilo 15 au 16. Magari-nyumba mengi ya Ulaya yamejengwa juu ya gari la mizigo la Fiat Ducato na yameandikishwa yasizidi kilo 3,500, na ukishaweka maji, gesi, baiskeli na watu, nafasi iliyobaki ni kidogo kuliko watu wanavyofikiri. Uzito wa gereji uko nyuma ya ekseli, kwa hiyo unaikandamiza ekseli ya nyuma na kuinua pua ya gari. Nasema haya kwa sababu Ufaransa kuna mpango wa France Passion, tangu 1993, ambapo wakulima na watengenezaji waini wanakukaribisha uegeshe kwao usiku mmoja bila malipo. Ni ukarimu mzuri mno, hakuna anayekulazimisha kununua, lakini nani anaondoka asubuhi mikono mitupu? Shamba la pili, la tatu, gereji imejaa. Waini yangu naiweka chini ya kiti cha sebuleni, karibu na katikati ya gari, imelala kwenye soksi nene za zamani. Haigongani, haigandi, na hakuna galoni inayofika pale.

Dada BiMagurudumu, mwambie mwenzenu kwa upole. Mpelekee faneli ya kumiminia kutoka kwenye galoni. Ukimpelekea faneli na mkono mwingine umebeba chakula, hawezi kukasirika.

BiMagurudumu:

Shikamoo FundiMzee, na asanteni nyote. Mkemia, nilisoma ujumbe wako kwa sauti mbele ya mume wangu, tukaenda pamoja palepale. Nilichukua ushauri wa Salma wa faneli, na chapati nikabeba. Mwenzetu alisikiliza bila kunikatiza. Akaichukua ile chupa, akayarudisha maji yake kwenye galoni, kisha chupa tupu akaipeleka kwenye pipa la vioo yeye mwenyewe, hakutaka hata kuiosha aitumie tena. Akasema wajukuu wake huwa wanamsaidia kutoa makasha. Nilishukuru sana kwamba alisema hivyo yeye, sikumsemea mimi. Utani wa waini unaendelea, ila lile jina la "rozé ya kioo" tumelizika.

Fundi, umeuliza kuhusu tangi. Tuliongezea. Tangi lilikuwa na maji ya kiangazi karibu nusu, tukajaza juu kwa yale ya baridi, ya nyuzi 20 chini ya sifuri kwa mujibu wa galoni. Na baada ya kuteseka pale mlimani mume wangu ameibuka na wazo jipya: kama waini ni dhaifu, kwa nini tusiwe na pombe kali ya asilimia 40 kwa dharura? Mimi nikaona badala ya kubishana naye nilete hapa. Tena nikiwa nasafisha, nilitaka kutumia hayo maji ya waipa kwenye madirisha ya chumba cha kulala, yana madoa ya chumvi. Kuna ubaya?

FundiMzee:

Marahaba, dada. Umenifurahisha na huyo mwenzenu.

Nianze na madirisha, kwa sababu hilo ni la haraka: usiguse. Kioo cha mbele ni kioo cha kweli, lakini madirisha ya sehemu ya kulala ni akriliki, aina ya plastiki, karibu kwenye kila gari-nyumba. Akriliki na pombe ni maadui. Haiyeyuki mara moja, inafanya kitu kibaya zaidi: inaotesha nyufa nyembamba sana kwa ndani, hasa kwenye kona na kwenye bawaba ambako dirisha linavutwa. Ukisimama ubavuni jua likipiga unaziona, mistari mingi inayometa, na kidole chako hakihisi kitu juu yake. Zikishatokea haziondoki. Dirisha moja la akriliki ni gharama ya kuumiza. Tumia maji ya uvuguvugu mengi yenye sabuni laini, kwanza umwagie chumvi itoke ndipo upitishe kitambaa, la sivyo chumvi itakwaruza. Na taa za mbele ni polikaboneti, plastiki nyingine, kwa hiyo mnaponunua maji ya waipa someni lebo kama inasema yanafaa kwa polikaboneti.

Pombe kali ya asilimia 40. Kweli haigandi mpaka karibu nyuzi 25 chini ya sifuri, mzee hakukosea hesabu. Ila haina sabuni, na kilichokuwa kwenye kioo chenu ni chumvi na mafuta ya barabara. Pombe tupu inavisambaza. Inashika moto. Halafu hewa ya kabini inavutwa kutoka palepale chini ya kioo, kwa hiyo kila mkirusha, harufu inaingia ndani, na kwenye gari-nyumba kabini ndiyo sebule. Askari akikusimamisha na gari zima linanuka pombe kali, maelezo yako yatakuwa marefu. Mwambie chupa hiyo aiache ibaki kinywaji, tena ya jioni, gari likiwa limeegeshwa mahali ambapo hakuna atakayewaamsha usiku kuwaambia msogee. Kwa dharura abebe lita moja ya maji ya waipa ya baridi yaliyochanganywa tayari, kwenye chupa yake ya dukani, mlangoni mwa dereva.

Wala msiamue kurahisisha mambo kwa kutia maji matupu kiangazi. Mwaka 2010 Uingereza, shirika la Health Protection Agency lilitoa utafiti uliohusisha maji matupu kwenye tangi la waipa na ugonjwa wa legionela, homa mbaya ya mapafu. Bakteria wanapenda maji yaliyotuama na yenye uvuguvugu, na ule mnyunyizo unavutwa ndani na feni. Dawa ya kuoshea kioo inawazuia. Mtu anayelala ndani ya gari lake ana sababu ya kulijali hilo.

Sasa la kwenu mlimani. Mlipoongezea juu ya maji ya kiangazi mlipata mchanganyiko. Nusu kwa nusu, yale ya nyuzi 20 hayawalindi tena hata kwa nyuzi 10 kwa uhakika. Lakini hata kama tangi lingekuwa sawa, mngeganda vilevile, kwa sababu mipira kutoka tangini hadi nozeli ilikuwa bado imejaa maji ya kiangazi. Hayo ni ya zamani na yako mahali penye baridi kuliko tangi, maana tangi lina injini ya kuliwekea joto kidogo, nozeli ina upepo. Pampu kulia bila kutoa kitu ndiyo dalili yake: tangini maji yapo, ila kuna kizibo cha barafu mbele.

Kwa hiyo wakati ujao, kabla ya baridi, rusheni maji ya kiangazi mpaka tangi liishe. Mkisikia sauti ya pampu imekuwa nyepesi acheni, isizunguke kavu. Jazeni ya baridi, bila kuongeza maji isipokuwa lebo imesema na kwa kipimo ilichosema. Kisha rusheni tena, mmoja amesimama nje anaangalia nozeli, mpaka rangi ya maji mapya itokee kwenye zote, na ya kioo cha nyuma kama gari lenu inayo. Mpira wa nyuma ni mrefu, unachukua muda, watu wanaukatia tamaa katikati.

Kwa sasa, kama bado mko kwenye baridi, msimwage maji ya moto kwenye kioo wala kwenye nozeli. Egesheni mahali pasipo na upepo, injini iungurume kidogo, wekeni kitambaa cha vuguvugu juu ya nozeli. Ikianza kutoa, rusheni mengi bila uchoyo, ili yale ya zamani yatoke yote kabla hamjapanda tena.